Nishani za Babu Aliyepotelea Baharini: Kuzitambua, Kuzitafutia Jina na Kuzitunza

Sanduku la marehemu likifunguliwa na nishani zikatoka zimeshika weusi na ukijani, mkono wa kwanza hukimbilia Brasso, limau au majivu ya jiko. Uzuie. Weusi hauiharibu nishani. Kinachoiharibu ni msuguo. Herufi za ukingoni hazina kina kirefu, na zikishasuguliwa mwaka baada ya mwaka hubaki mikwaruzo tu mahali palipokuwa na jina la mtu. Kazi ya mwanzo ni ya macho, penseli na karatasi. Maji yatasubiri.

Maelezo haya ni ya familia iliyoko Nairobi yenye nishani za Uingereza za Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918) au vya Pili (1939–1945), na ambayo kauli iliyorithiwa nyumbani ni moja tu: "alizama na meli."

Siku ya kwanza: usitenganishe kitu

Tandika taulo jeupe mezani. Nawa mikono, ikauke kabisa, au vaa glavu za nitraili za duka la dawa. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole kwenye shaba hutokeza baada ya wiki chache na haifutiki kirahisi. Piga picha kila kitu kama kilivyo: mpangilio wa nishani kwenye pini, kisanduku, bahasha, hata gazeti lililofungiwa, maana tarehe ya gazeti huonyesha mara ya mwisho kifurushi kiliposhikwa.

Usizitoe kwenye pini yake. Mpangilio huo ni ushahidi. Nishani moja ikipewa shangazi wa Nakuru, nyingine ikabaki Kayole na ya tatu ikauzwa, hakuna atakayeweza kuthibitisha tena kwamba zilikuwa za mtu mmoja. Kama urithi lazima ugawanywe, gawaneni picha na nakala, si nishani.

Kusoma ukingo: zima taa ya juu, shika tochi ya simu ikiwa imelala karibu sawa na meza, kisha zungusha nishani polepole huku ukipiga picha 6 hadi 8. Mwanga wa pembeni huinua herufi ambazo mwanga wa moja kwa moja huzificha. Andika ulichokiona herufi kwa herufi, pamoja na nukta na mikwaju (/). Usirekebishe tahajia hata kama unajua ukoo uliandikwa vibaya, kwa sababu karani aliyeandika nishani huenda alinakili kutoka daftari lilelile utakalolitafuta baadaye.

"Alikufa baharini" ina maana tatu

Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia. Wanaandikia ofisi za Jeshi la Wanamaji la Uingereza kumtafuta mtu ambaye hakuwahi kuwa mwanamaji, wanajibiwa kwamba hayupo, na wanakata tamaa. Amua kwanza huyu alikuwa nani kati ya hawa.

*Askari wa nchi kavu aliyekuwa abiria.* Kwa Kenya, huyu ndiye wa kawaida. Meli ya SS Khedive Ismail iliondoka Kilindini Februari 1944 ikielekea Colombo, imebeba miongoni mwa wengine Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa topedo mbili. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi, na watu karibu 1,300 wakafa. Mjukuu akisikia "babu alizama na meli mwaka wa 44", hapa ndipo pa kuanzia. Huyo hakuwa baharia. Nishani zake ni za jeshi la nchi kavu, na jina lake likipatikana litakuwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Huna haja ya kwenda ng'ambo.

*Mwanamaji wa manowari.* Kenya ilikuwa na kikosi chake cha akiba cha wanamaji tangu miaka ya 1930, na familia za Nairobi zenye asili ya Uingereza zilikuwa na wana kwenye manowari za kila bahari. Mwezi wa Aprili 1942 Wajapani walizamisha HMS Cornwall na HMS Dorsetshire (tarehe 5) na HMS Hermes (tarehe 9) karibu na Sri Lanka, na baada ya hapo sehemu kubwa ya meli za Uingereza za Bahari ya Hindi ikahamia Kilindini. Mwanamaji asiye na kaburi hukumbukwa kwenye mnara wa bandari aliyosajiliwa: Chatham, Portsmouth au Plymouth. Namba yake ya utumishi huonyesha bandari hiyo: namba ya Vita vya Pili ikianza na C/ ni Chatham, P/ ni Portsmouth, D/ ni Devonport, yaani mnara wa Plymouth.

*Baharia wa meli ya biashara.* Mpishi, mchochea moto, serangi (mkuu wa mabaharia wa sitaha), mhudumu wa vyumba. Watu wa Mombasa, Lamu, Goa na Gujarat walifanya kazi hizi, na wajukuu wao leo wako South C na Parklands. Huyu hakuwa mwanajeshi, na kumbukumbu zake ni za mabaharia wa kiraia. Walioajiriwa kwa mikataba ya Uingereza wako kwenye mnara wa Tower Hill, London. Walioajiriwa kwa mikataba ya India wameorodheshwa katika vitabu vya kumbukumbu vya Mumbai na Chittagong. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC) humworodhesha baharia wa biashara aliyekufa kwa kitendo cha adui au kwa sababu ya vita. Aliyekufa kwa malaria melini anaweza asiwemo, na hiyo haimaanishi kwamba hakusafiri.

Nishani zenyewe zinasema nini

Tofauti moja inaokoa muda kuliko zote: nishani za Uingereza za Vita vya Kwanza zina jina la mwenyewe, za Vita vya Pili, kwa kawaida, hazina. Zilizotolewa na Afrika Kusini na Australia ndizo ziliandikwa majina. Kwa hiyo ukiwa na nyota za 1939–45 zisizo na herufi nyuma, si bandia wala hazikufutwa. Na ukikuta jina limechongwa kwa mwandiko wa sonara, huenda familia ililipia. Ni kumbukumbu nzuri ila si uthibitisho.

Za Vita vya Kwanza kwa mwanamaji aliyekufa mara nyingi huwa tatu. Nyota ya 1914–15 ni ya bronzi, imeandikwa upande wa nyuma, na utepe wake una nyekundu, nyeupe na buluu zinazofifia moja ndani ya nyingine. Nishani ya Vita ya Uingereza ni ya fedha halisi, kipenyo milimita 36, utepe una rangi ya chungwa katikati halafu nyeupe, nyeusi na buluu kila upande. Nishani ya Ushindi ni ya bronzi, kipenyo hichohicho, na utepe wake ni upinde wa mvua wenye nyekundu katikati. Pima kwa kalipa. Ya fedha ikipungua wazi chini ya milimita 36, au unene wa ukingo usipolingana, huenda jina la mwanzo lilisagwa likaandikwa jingine.

Watu huchanganya nyota mbili za vita hivyo. Manowari ya HMS Pegasus ilishambuliwa na Königsberg ya Wajerumani bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, na familia hudhani aliyekuwamo anastahili Nyota ya 1914. Hapana: ile ni ya waliotumika nchi kavu Ufaransa na Ubelgiji. Wa Pegasus ni Nyota ya 1914–15.

Ukingoni mwa nishani ya mwanamaji utaona namba, herufi za majina, ukoo, cheo kwa kifupi, kisha R.N. (Royal Navy, yaani Jeshi la Wanamaji la Uingereza). Herufi iliyo mbele ya namba ni ya kazi: J ni mabaharia wa sitaha na mawasiliano, K ni wachochea moto, M ni mafundi na kazi nyinginezo, L ni wapishi na wahudumu wa maofisa. Jina la meli halimo. Ukiona jina kamili lisilo na namba, kwenye nishani ya bronzi yenye utepe wa kijani na nyekundu uliotenganishwa na mstari mweupe, huyo ni wa meli za biashara. Rangi hizo ni za taa za meli usiku.

Pamoja na nishani hizo, familia ya marehemu ilipewa sahani ya bronzi ya kipenyo cha kama sentimita 12 yenye jina lake kamili bila cheo. Wengi huigeuza kizuizi cha mlango au kisahani cha funguo. Ukiikuta, ndiyo inayothibitisha kwamba alikufa. Nishani tatu peke yake walipewa hata waliorudi.

Za Vita vya Pili zisome kwa kuangalia kama zinakubaliana. Kila nyota ina jina lake kwenye duara la katikati. Nyota ya 1939–45 ilihitaji miezi 6 katika eneo la mapigano, lakini aliyeuawa kazini alihesabiwa hata kama hajafikisha. Utepe wake ni mistari mitatu iliyo sawa: buluu nzito ya wanamaji, nyekundu ya jeshi, buluu nyepesi ya anga. Nishani ya Vita, ya mviringo, ilihitaji siku 28 tu. Sasa mtego: mtu hakupewa Nyota ya Pasifiki na ya Burma kwa pamoja, wala ya Atlantiki pamoja na ile ya Ufaransa na Ujerumani. Aliyestahili zote mbili alipewa ya kwanza na kipande cha chuma cha kuweka juu ya utepe. Ukikuta jozi hizo kwenye pini moja, kuna nishani za watu wawili pale, au dalali aliongeza moja ili bei ipande.

Kwa kuwa chuma hakina jina, kisanduku cha kadibodi zilimotumwa ndicho chenye jina. Kiliandikwa anwani ya mpokeaji, na ndani palikuwa na kikaratasi cha rambirambi au cha orodha ya nishani zilizomo. Kisanduku kilichochakaa chenye anwani ya Sanduku la Posta Nairobi kina thamani ya ushahidi kuliko nyota zote. Kinatupwa kwanza kila nyumba inaposafishwa.

Kumtafuta kwenye kumbukumbu

Anza bure. Tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina majina ya waliokufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Kosa la kawaida ni kuanza na jina. Makarani wa kikoloni waliandika Mutua, Mutuwa na Mtua kwa mtu yuleyule. "Arap", "bin" na "wa" waliziweka popote. Na majina mengi yana "s/o", yaani mwana wa, kwa hiyo jina la baba linaweza kukaa mahali pa ukoo. Acha nafasi ya jina wazi. Weka tarehe ya kifo 12 Februari 1944, chagua Mnara wa Afrika Mashariki, kisha pitia orodha yote kwa macho huku mzee anayekumbuka majina ya ukoo ameketi kando. Ni kazi ya saa mbili, tatu. Ukimpata, nakili namba ya utumishi, kikosi na namba ya safu mnarani.

Usipoijua tarehe, tafuta kwa kikosi na mwaka. Usipopata kitu, badili tawi: jeshi, wanamaji, meli za biashara.

Hatua inayofuata ni Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London. Andika alama ya mkusanyiko kwenye katalogi yao ya mtandaoni: ADM 188 kwa mabaharia wa kawaida wa manowari walioandikishwa hadi miaka ya 1920, ADM 171 kwa orodha za nishani za wanamaji, WO 372 kwa kadi za nishani za jeshi za Vita vya Kwanza, BT 351 kwa nishani za mabaharia wa biashara wa vita hivyo, na BT 395 kwa wale wa Vita vya Pili. Kadi ya BT 395 ikipatikana huorodhesha nyota moja moja, hivyo unaweza kulinganisha na zilizo mezani. Faili za utumishi za wanajeshi wa Vita vya Pili zimekuwa zikihamishwa kutoka Wizara ya Ulinzi ya Uingereza kwenda Kew, kwa hiyo angalia katalogi kabla ya kulipia ombi popote.

Hapa mjini, nenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, ukiwa na kitambulisho na penseli. Usitarajie orodha ya nishani. Omba mafaili ya mkuu wa wilaya alikotoka marehemu, miaka ya 1942 hadi 1950, hasa yanayohusu mirathi ya waliokufa na malipo kwa familia za askari. Ukiwa na namba ya utumishi kutoka CWGC, barua moja ya malipo kwa mjane inaweza kukupa kijiji, jina la chifu na jina la mke, mambo ambayo Kew hawana.

Nishani ambazo hazikuwahi kuchukuliwa

Nishani nyingi za Vita vya Pili zilisubiri kuombwa, na familia nyingi hazikujua. Mrithi halali bado anaweza kuziomba katika ofisi ya nishani ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliyoko Gloucester. Wanachotaka ni mnyororo wa karatasi kutoka kwako hadi kwa marehemu bila pete iliyokatika. Kwa familia ya Kenya pete inayokatika ni ya katikati: babu hakuwa na cheti cha kuzaliwa, naye baba alisajiliwa akiwa mtu mzima. Ziba pengo kwa barua ya chifu, kiapo mbele ya wakili, na barua za usimamizi wa mirathi kama zipo. Ambatisha ukurasa wa CWGC mahali pa cheti cha kifo. Jina likitofautiana kati ya hati mbili, kiapo kiseme waziwazi kwamba ni mtu mmoja na kitaje tahajia zote. Tuma nakala zilizothibitishwa, kamwe si hati halisi.

Usafi, kama ni lazima

Nishani iliyoshonwa kwenye utepe haiguswi na maji. Hariri huvuja rangi na kusinyaa. Ipanguse vumbi kwa brashi laini ya vipodozi, basi. Iliyotoka kwenye utepe na ina uchafu wa mafuta: mililita 250 za maji yaliyokenekwa (yale ya kuongezea betri petroli stesheni, hakikisha si asidi), matone 2 ya sabuni ya vyombo isiyo na limau, mswaki laini wa mtoto. Nusu dakika kila upande, suuza mara mbili kwa maji hayohayo safi, gusagusa kwa kitambaa cha pamba, acha ikauke saa nzima. Maji ya bomba yana klorini, hayafai.

Ukijani mgumu uliotulia uache. Ukijani mwepesi wa unga unaorudi baada ya kufutwa ni jambo jingine: chumvi imeingia ndani ya shaba na inaila. Itenge mara moja, ikaushe, umwone mhifadhi wa makumbusho.

Pa kuziweka

Nairobi ina ukavu mzuri Januari na unyevu wa kutosha wakati wa masika na baridi ya Julai. Chukua kontena ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, ugeuze uone pembetatu chini yake: namba 2, 4 au 5 inafaa, namba 3 ni PVC, hutoa tindikali na kuacha ute wa kijani kwenye shaba. Vifuko laini vya albamu za sarafu vingi ni PVC. Funga kila nishani kwa karatasi isiyo na asidi au kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato. Gazeti, sufu, sponji na raba za kufungia huifanya fedha iwe nyeusi. Weka silika jeli (chembe za kufyonza unyevu) ya rangi ya chungwa, gramu 50 kwa kontena ya lita 5. Ikigeuka kijani, ioke nyuzi 120 kwa saa mbili irudi kazini. Kipimo cha unyevu kikisoma kati ya asilimia 35 na 45, chuma na hariri vyote vimetulia.

Karatasi usizipeleke kulaminetiwa. Mtu wa saiba atakushawishi, na ni shilingi chache, lakini joto la mashine hugandisha karatasi kwenye plastiki milele na kuficha maandishi ya nyuma. Skani kwa dpi 600 pande zote mbili, hata upande unaoonekana mtupu, kisha weka kavu kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi.

Ukitaka fremu, mweleze fundi kabla hajaanza: hakuna gundi ya moto, hakuna gundi yoyote. Utepe ushonwe kwa uzi wa pamba kwenye kitambaa cha pamba, kioo kisiguse nishani (acha nafasi ya sentimita moja), na ukuta usiwe wa kupigwa jua la jioni. Mbao mbichi hutoa mvuke wa asidi, kwa hiyo nyuma pawe ubao wa kadibodi isiyo na asidi.

Siku ya kuzivaa

Jumapili ya pili ya Novemba hufanyika kumbukumbu katika makaburi ya Barabara ya Ngong. Aliyepewa nishani huvaa kifuani kushoto. Jamaa wa marehemu huvaa kulia. Kwa aliyevaa kushoto, kutoka katikati ya kifua kwenda nje: Nyota ya 1939–45, ya Atlantiki, ya Afrika, ya Pasifiki au Burma, ya Italia, Nishani ya Ulinzi, na mwisho Nishani ya Vita. Utepe wa Atlantiki una buluu, nyeupe na kijani, na ndio unaogeuzwa kimakosa kuliko zote. Kwa mwenyewe aliyevaa kushoto, ukingo wa buluu ulikaa mbali na bega. Kagua mshono wa kila utepe usiku uliotangulia kwa kuuvuta taratibu: hariri ya miaka 80 hukatika palipokunjwa, juu ya pete. Ikianza kufumka, vaa nakala, au nunua utepe mpya wa milimita 32, sentimita 15 kwa kila nishani, na ule wa zamani uuweke kwenye bahasha yenye namba ya nishani yake kwa penseli.